Nikumbushe Baadaye

Kila asubuhi, kabla kahawa haijachemka,
kompyuta hunitolea ilani:
mfumo wake utaachwa mkono mwezi wa Oktoba,
hautatibiwa tena, hautalindwa.
Chini ya ilani vitufe viwili.
Kimoja huamrisha: Boresha sasa.
Kingine kina adabu: Nikumbushe baadaye.
Mimi hubonyeza chenye adabu,
mwaka mzima sasa na ushei.

Hapa Covilhã viwanda vya sufu vimebaki kuta na njiwa.
Changu ni chumba kimoja chini ya ngazi,
mtambo mmoja wa kufuma, paka mmoja mwizi,
na hii kompyuta ya kijivu
niliyoinunua kwa kiinua mgongo
walipotufungia geti.
Feni yake ina pumu.
Lakini ndiyo iujuayo mtambo:
huuambia uzi upi uinuke, upi ulale,
mshindio upite wapi katika mtande
hata pembe za mbuzi zitokee kwenye blanketi
bila kukosea ukwato.

Lugha wanayosemeshana aliitunga Abílio wa Guarda,
kijana mwenye kucha zilizotafunwa,
kwa ujira wa mablanketi manne na gurudumu la jibini.
Akahamia Kanada.
Barua nilizomwandikia zilirudi kama zilivyokwenda.

Jumapili akaja Telmo, mwana wa kaka yangu,
ameutundika mfumo mpya kwenye pete ya funguo.
"Shangazi, unalala mlango wazi."
"Mwizi ataiba nini? Mbuzi wa sufu?"
"Akaunti yako ya benki. Majina ya wateja."
Nikakosa la kujibu, nikamkatia keki.
Kisha nikauliza nilichokuwa nakiogopa:
ikiamka na ulimi mpya, mtambo utaielewa?
Akakuna kisogo.
"Pengine."

Namjua Pengine.
Ndiye aliyekuwa meneja wetu wa mwisho,
miezi mitatu kabla ya geti.

Na hoteli ya Manteigas inangoja mablanketi thelathini
theluji isijaanguka.

Usiku sikupata usingizi. Kipya kinyemi, najua,
ingawa kidonda;
lakini kikuukuu nacho kina ukaidi wake,
na sitaki kuitwa bibi aliyeolewa na skrini.
Diski ile itakufa siku moja,
huenda katikati ya mbuzi.
Nikajiona nimekaa kati ya vitufe viwili
na hakuna kilichoandikwa ninachotaka.

Saa tisa nikashuka na soksi,
nikapapasa nyuma ya meza penye utando wa buibui,
nikauchomoa waya wa intaneti.
Basi. Ikae utawani.
Isisome habari, isipokee barua,
isibishe hodi kwa mtu, wala isibishiwe.

Telmo alicheka hadi akakohoa.
Akanakili programu ya Abílio mara tatu;
nakala moja nimeificha kwenye kopo la unga wa mahindi.
Mambo ya benki akayahamishia kwenye simu.
Majina ya wateja niliyaandika daftarini, kwa kalamu,
na hapo nikagundua sita wameshakufa.

Ilani haikuja tena.
Siku ya kwanza kidole kilikitafuta kile kitufe,
kikatangatanga, kikaaibika.
Ila kuna jambo Telmo hakunionya:
betri ndogo ya ndani ilizimika zamani,
na tarehe ilikuwa ikiombwa huko huko mtandaoni.
Sasa kila nikiiwasha inaamka Januari mosi,
mwaka ule ule ilipotengenezwa,
changa, haina deni,
haijasikia lolote kuhusu Oktoba.
Nami, kahawa ikitokota,
huiandikia polepole kwa kidole kimoja:
ni Alhamisi, ni Novemba, nje kuna barafu,
bado mablanketi kumi na moja.